Picha Niliyomfasiria Mama kwa Uongo

Kosa ni langu, na sitafuti wa kugawana naye. Nimekaa nalo mpaka nimeota mvi. Nalisema hapa kwa kuwa ninyi hamnijui, na wanaonijua wameshanifungia milango.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, Kibiti. Vitu vilivyokuwa vikiingia kwa magendo vikaanza kuuzwa wazi. Mimi nikapata televisheni, deki na jenereta, nikafungua banda la video karibu na barabara ya Lindi. Kanda nilizifuata Dar, nyingi za Kihindi. Watu hawakuelewa lugha, basi nikawa nakaa pembeni na kipaza sauti, nawafasiria. Niliwahi kubeba mizigo dukani kwa Wahindi, nikaokota maneno mawili matatu. Yaliyobaki nilibuni. Walinipenda kwa hilo.

Safari moja mwenye duka la kanda akanipa picha ya zamani. "Hii siyo Kihindi," akasema, "ni Kitelugu, lugha ya huko kusini kwao. Lakini ni ya familia. Kina mama watalia."

Niliiangalia peke yangu mpaka mwisho. Sikushika hata neno moja, wala haikuhitaji. Mama mjane, wana wawili, na mke wa yule mkubwa. Mke anamuuguza mkwewe, anasingiziwa, anafukuzwa, na mwishoni nyumba nzima inamfuata kumwomba radhi. Nililia, sifichi.

Sasa mjue ya nyumbani kwetu. Tulizaliwa wawili. Kaka yangu, nitamwita Selemani, alikuwa akikata boriti za mikoko huko delta, na akienda anakaa sana. Mkewe, nitamwita Zainabu, mtu wa Mbwara, ndiye aliyebaki na mama na watoto wao wawili wa kiume. Mama alikuwa anavimba miguu. Kila asubuhi Zainabu alimchemshia majani, akatia asali kidogo, akamnywesha. Miguu ikanywea. Mama akaanza tena kwenda mwenyewe kwenye mikorosho yake.

Mikorosho hiyo nilitaka aniachie mimi niisimamie, maana wanunuzi binafsi walishaanza kupita vijijini. Mama akasema, "Ataiangalia Zainabu. Wewe mwanangu una pupa." Aliyasema mbele ya Zainabu mwenyewe. Ni hilo tu. Zainabu hata hakucheka. Lakini mimi nilijiona nimevuliwa nguo.

Siku niliyowawekea kina mama picha ile, nikampakia mama kwenye baiskeli, nikamketisha mbele kabisa bandani. Ilipofika pale yule mke anapotwanga majani na kuyatia kwenye kikombe cha maziwa, nikasema kwenye kipaza sauti, "Anamtilia mkwewe dawa. Anataka afe taratibu, arithi shamba."

Banda zima likaguna. Nikaendelea vivyo hivyo. Kila chozi la yule mwanamke nililiita unafiki. Alipofukuzwa, kina mama wakapiga makofi. Hapo nikazima jenereta, nikasema mafuta yameisha.

Tulipokaribia nyumbani mama akaniuliza, "Yale majani anayonipa Zainabu, wewe unayajua?"

"Siyajui, mama."

Nilikuwa nayajua. Mara nyingi mimi ndiye niliyemchumia.

Kesho yake Zainabu alipoleta kikombe, mama akamwambia, "Kunywa kwanza wewe." Zainabu akadhani utani, akanywa nusu, akampa. Mama akamwaga chini. Tangu hapo hakula tena cha mkono wake. Akawa anakula kwa jirani, na jirani naye alikuwepo bandani.

Selemani aliporudi, mama akamwambia, "Mkeo anataka kuniua." Kaka akanifuata bandani, akakaa kwenye benchi.

"Wewe ndiye unayeshinda hapa," akasema. "Umeona nini?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu mwingine. Nikamjibu, "Mimi sijaona kitu, kaka. Lakini mama si mtoto."

Akatoa talaka kabla ya kurudi delta. Watoto wakabaki kwetu. Mimi ndiye niliyembebea Zainabu begi mpaka barabarani kungoja gari. Hakulia. Akaniuliza, "Shemeji, ile picha uliyomwonyesha mama iliishaje?"

"Sijui. Mafuta yaliisha."

Akaniangalia sana. "Haya," akasema. Gari likaja, akapanda.

Miguu ya mama ikavimba upya. Hospitali wakampa vidonge, havikusaidia. Nikaingia porini mwenyewe, nikachuma majani yale yale, nikachemsha. Mama alipoisikia harufu akakisukuma kikombe. "Na wewe amekuroga?" akaniuliza.

Karibu na kufa kwake akaniita. "Yule mwanamke wa kwenye video, walimfunga?"

"Walimfunga, mama."

Akafumba macho, ametulia. Uongo huo wa mwisho naujutia kuliko wa kwanza.

Baada ya maziko nilikwenda Mbwara. Kaka yake Zainabu alinipokea nje, hakunikaribisha. Akasema dada yake alimngoja Selemani muda mrefu aje kumrejea, hakumwona, na sasa ameolewa mbali, nisimtafute. Nikaenda delta nikamweleza Selemani kila kitu. Alikuwa ameshika shoka, nikajua atanipiga. Hakunipiga.

"Mama alijua?" akauliza.

"Hakujua."

"Basi na mimi ungeniacha nisijue."

Hakurudi tena Kibiti. Anaishi huko huko, peke yake. Nilimwita kwa ajili ya watoto wake, nikampelekea salamu kwa kila aliyeshuka delta, hajibu.

Nanyi mnaosoma, mtu akikuamini kwa jambo asilolielewa, mwambie kweli, au mwambie hujui. Shaka ukishamtia mzazi juu ya mkwewe, kuitoa hutaweza, hata ukipiga magoti. Na kama uliyemdhulumu bado yupo karibu, nenda leo, usingoje msiba kama mimi.

Wale watoto wa Selemani sasa ni watu wazima, na yote wanayajua. Tunaswali msikiti mmoja. Nikiingia wananisogezea nafasi kwenye safu, wana adabu, mama yao aliwalea vizuri alipokuwa nao. Swala ikiisha wanapeana mikono na kila mtu, wakifika kwangu wananipita.