Kanda Zote Zilikuwa na Siku Moja

Wasee, niliweka ukanda wa Novemba ndani ya mashine. Ukanisomea Machi ya mwaka juzi.

Nikautoa. Nikaweka wa Agosti.

Machi.

Nikaweka wa Ijumaa iliyopita. Machi, tarehe kumi na nne, mwaka juzi.

Nikajaribu zilizobaki moja moja. Machi tu.

Naitwa Andati. Nilikuwa mtu wa kompyuta kwa hospitali moja ya kibinafsi hapa Kakamega. Kila Ijumaa nilinakili faili za wagonjwa kutoka kwa seva hadi kwa ukanda, naandika tarehe juu, nafungia kabatini. Taa ya kijani ikiwaka, naenda zangu.

Kufungua ukanda nione ndani kuna nini? Sikuwahi.

Jumatatu hiyo seva ilikufa. Jumanne ndio nikaelewa. Mwaka juzi nilihamishia faili kwa diski mpya, nikasahau kuielekeza mashine ya kanda huko. Wiki baada ya wiki ilikuwa inanakili folda ya zamani ambayo hakuna mtu alikuwa anaigusa.

Mkubwa wangu, Madam Maximilla, akasimama mlangoni.

"Andati, tumepona?"

"Tumepona, madam. Kila kitu kimerudi."

Nilikuwa nimerudisha zile faili za Machi tu, nikajiambia fundi wa Kisumu niliyempelekea diski iliyokufa ataifufua kabla mtu hajagundua.

Jumatano asubuhi Osiako, mkata miwa wa Kabras, akamleta mkewe Zilpah. Nimonia. Mama hawezi hata kuongea. Sista Immaculate akanipigia kutoka wodi.

"Andati, huyu mama alikujanga hapa. Ni kama kuna dawa ilimsumbua, lakini kwa faili sioni kitu. Mzee wake pia hajui. Faili zimerudi zote?"

Nilisikia Zilpah akikohoa nyuma yake.

"Zimerudi zote, sista. Kama huoni, basi haikuandikwa."

Akadungwa penisilini.

Haikufika nusu saa.

Osiako alikuwa anatushika mikono mmoja mmoja. "Si alikuwa anapumua? Si mlimuona akipumua?"

Kamati ya hospitali ya kuchunguza kifo hicho ikaniita. Nikarudia maneno yale yale. Immaculate akafutwa kazi, eti hakuandika.

Wiki iliyofuata diski ikafufuka. Nikatafuta jina la Zilpah. Ilikuwa pale, kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI.

Chini yake, jina la aliyeandika: Immaculate.

Nikazirudisha faili kimya kimya. Nani angefungua tena faili ya marehemu?

Nilinyamaza mwaka mzima. Mwezi uliopita nikaenda Butere, nikampata Immaculate akiuza mitumba sokoni. Nikamwambia yote, nimesimama.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hivyo niliandika?"

"Uliandika, sista."

Akakalia rundo la nguo.

"Mwaka mzima nimeamini ni mimi nilisahau. Sijashika sindano tena, hata ya mtoto wangu. Nimekuwa nikimwomba Zilpah msamaha kila nikiamka."

Kisha akajifunga leso vizuri. "Haya, twende Kabras. Utamwambia Osiako mwenyewe, mimi nikisikia."

Tulienda. Nilimwambia. Kesho yake nikapeleka faili kwa kamati na kwa polisi, na sasa nangoja watakalosema.

Ndugu yangu unayehifadhi vitu vya watu, usiiamini taa ya kijani. Fungua, soma, hakikisha. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kanda zilikosa faili tu. Zilpah aliuawa na jibu langu kwenye simu.