Maboksi Mawili ya Tansio

Sifa ni zako, Bwana, uliyetupa pumzi, ukatupa na watu wenye macho ya kusoma maandishi madogo.

Mke wangu alianza kuanguka kanisani aliporudi kutoka kwa mdogo wake huko Kikula. Tulikuwa tumepiga magoti. Mchungaji akasema amina, sote tukasimama, naye akalala sakafuni kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Akina mama wakamfunika miguu kwa kitenge, kama ilivyo desturi yetu Roho anapomshika mwanamke. Jumapili iliyofuata akaanguka tena. Heshima yake ikapanda. Watu wakamletea mafuta ayaombee, na ndizi za shukrani. Mimi, mzee wa kanisa ambaye sijapata kuyumba hata kidogo, nilikula ndizi hizo kwa saburi.

Kisha akaanguka jikoni. Alikuwa amechuchumaa akisonga bukari, ugali wetu. Alipoinuka, macho yakamgeuka, akaangukia kando ya mbabula, jiko letu la makaa, makaa yakiwa mekundu. Nilimvuta upesi. Roho ninamjua kidogo. Angengoja bukari iive.

Kesho yake nikaenda famasi kuomba dawa ya kuongeza nguvu. Mwenye famasi, binti wa umri wa wajukuu wangu, hakugusa hata rafu.

"Kwanza, papa, mama anakunywaka dawa gani?"

"Ya tansio tu. Presha ya damu."

"Ya wapi?"

"Ya zahanati ya hapa Shituru. Na ile ingine ya Kikula."

"Ingine? Lete zote, papa. Siuzishe kitu kama sijaziona."

Nikarudi nazo, boksi la buluu la Shituru na boksi jeupe la Kikula. Akayageuzageuza, akanionyesha kwa ukucha. Nikavaa miwani. Majina makubwa hayakufanana. Jina dogo chini yake lilikuwa lile lile.

"Hii kubwa ni jina ya wenye kutengeneza. Hii ndogo njo dawa yenyewe. Mama iko anakunywa dawa moja mara mbili. Tansio inashuka sana, na yeye anashuka nayo."

Akampigia daktari wa zahanati yetu mbele yangu. Daktari akasema abaki na la buluu, aache jeupe, aje apimwe. Binti akanikazia macho: "Asiache zote mbili, papa. Tansio ikipanda tena, nayo inauaka."

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kama daktari wa Kikula hakumuuliza juu ya dawa nyingine.

"Aliuliza. Minye nikasema hapana. Angeninyima yake."

"Na ukakunywa zote?"

"Baba, Neno linasema mashahidi wawili."

"Mashahidi wawili ni mutu mumoja, mama. Amebadilisha kofia."

"Weye iko na wivu! Bwana hajakuangusha hata siku moja."

"Na pale kwa mbabula, ni Bwana njo alikuangusha?"

Akashika upindo wa kitenge chake, akapitisha kidole katika tundu lililotobolewa na kaa. Halafu akanipa boksi jeupe bila kunitazama, nami nikalirudisha famasi.

Daktari alimpima, akamfundisha kuinuka polepole. Jumapili moja tukapiga magoti tena. Amina. Dada mmoja alikuwa amekwisha kukunjua kitenge, amekitandaza mikononi kama mwenye kungoja mtoto azaliwe. Mke wangu akashika kiti, akainuka taratibu, akasimama kama nguzo. Kanisa likangoja. Akaendelea kusimama.

"Mama," dada akanong'ona, "leo Roho haiko?"

"Iko," mke wangu akajibu. "Leo Bwana ananishika nikiwa nasimama. Kunja kitenge yako."

Ndizi zilikoma wiki hiyo hiyo. Nashukuru kwa yote.

Nawe unayesoma, Bwana akupe mtu wa kukuuliza unakunywa nini kingine, na kinywa cha kumjibu kweli. Makaa yasikuguse. Na ukianguka, uwe umeangushwa na Yeye peke yake. Amina.