Silinda hedi yangu ilimpeleka baba mdogo kaburini

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nakaa Nyamasaria. Wenye ukurasa huu nawaomba mfiche jina langu kabisa, maana nikijulikana sitakuwa na pa kuweka uso wangu kwa wakwe. Nina watoto wanne, na mume ambaye kazi yake iliisha kiwanda kilipofungwa. Miaka sita sasa nyumba inakula kwa mchele. Nanunua mpunga Ahero, nakoboa, napeleka mjini kwa pikapu kuukuu ya Datsun niliyoinunua mwenyewe, sikusaidiwa na mtu hata shilingi.

Hiyo Datsun ilianza kumeza oili. Lita nzima kila safari mbili, moshi wa buluu nyuma, ikiona kilima kidogo inazima. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana gereji Manyatta. Aliifungua akatikisa kichwa. "Nyar Kano," akasema, ndivyo wakwe wanavyoniita kwa sababu nilizaliwa Kano, "hii usiiwekee ringi peke yake. Utarudi hapa baada ya miezi mitatu unitukane. Injini yote ifanywe upya."

Nikachukua daftari la mtoto nikaandika. Pistoni na ringi zake 3,200. Beringi 1,150. Gasketi seti nzima 680. Valvu nane 760. Kuchonga bloku 800, krankshafti 900, kusawazisha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, 350. Mnyororo wa taimingi, pampu ya oili, oili yenyewe, fundi 1,500. Jumla 10,970. Siku hiyo sikuwa na hata elfu moja. Nikapanga kila mwezi kitu kimoja, na nikakataa bloku isiguswe kabla pistoni hazijafika kutoka Nairobi, maana ukishachonga ukakosa pistoni za saizi hiyo, umekwisha. Miezi kumi na minne nilikodi magari ya watu, nusu ya faida inabaki kwao.

Mwishowe kila spea ilikuwa gerejini. Silinda hedi ilirudi imesawazishwa, valvu mpya nane ndani, inang'aa. Niliifunga kwa gunia kwa mikono yangu. Kilichobaki ni kuchonga bloku na krankshafti na kumlipa fundi, yaani 3,200, na nilikuwa nazo kwenye mkebe jikoni. Shule moja ya bweni ilikuwa imeniahidi kazi ya kupeleka magunia kumi ya mchele kila wiki kuanzia muhula ujao, mradi niwe na gari langu.

Hapo ndipo baba mdogo wa mume wangu akafariki. Tulikaa kikao cha mchango, na hapa ndipo kosa langu lilipo, sitalificha. Zamu yangu ilipofika nilitoa shilingi mia moja, nikasema, "Biashara imelala, sina kitu." Shemeji alikuwa ameketi karibu nami. Aliniangalia tu.

Marehemu alikuwa amesema mara nyingi kwamba siku yake ikifika atarudi nyumbani Bondo ndani ya gari lake mwenyewe. Nalo ni Datsun kama yangu, lilisimama mwaka mzima kwa sababu hedi ilipasuka. Siku ya kuchukua mwili nikaona gari hilo linaingia mochari, injini imetulia kama cherehani. Nilifurahi! Niliimba na akina mama mpaka Bondo.

Baada ya mazishi shemeji akanivuta kando. "Shem, usikasirike. Ile hedi."

"Hedi gani?"

"Kwani una ngapi?"

Nikamuuliza nani alimruhusu. Akasema, "Mzee hangengoja. Na wewe ulisema huna kitu, nikaona huo ndio uwe mchango wako. Nimetumia na gasketi."

Nilimwendea mjane kwa adabu, nikamwomba aruhusu fundi aifungue hedi kesho yake. Alinishika mkono mbele ya watu wote. "Mwanangu, gari la mzee lifunguliwe na matanga hayajaisha? Unataka watu waseme nini juu yetu?" Mume wangu akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Usituaibishe."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa ni wiki ya saba. Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye ndevu, anabeba omena, wale dagaa wa ziwani, kwa gari hilo kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Safari arobaini na mbili kwa valvu zangu! Kulifungua ni mwiko, lakini kulipakia omena si mwiko. Nilipomwambia shemeji hivyo alicheka, akaniambia kuna hedi ya zamani imechomelewa ufa, 2,800, haina dhamana. Nikiinunua nabaki na mia nne. Bloku nitaichonga kwa nini, kwa meno? Na gasketi je?

Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Ile shule imeniuliza mara mbili kama gari liko tayari, na mara zote mbili nimesema ndiyo. Ada za watoto wangu nazo zinangoja hapo hapo.

Nimepata fundi mwingine asiyejuana na ukoo huu, amekubali kwenda nami Bondo na kisanduku chake cha spana. Mume wangu amesema nikifanya hivyo nisirudi nyumbani kwake. Najua pia nikifika pale mtu mmoja ataniuliza, "Si ulisema huna kitu?"

Bolti za hedi ni kumi. Kuzifungua ni nusu saa. Baada ya hapo ndipo hesabu zangu zote zinagoma. Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mlioolewa upande huu wa ziwa: mngekuwa mimi, mngezifungua?