Jeep iliyokalia matako Kamituga

Siku yangu ya kwanza kwa garaji, kule Ibanda, chef d'atelier, mukubwa wa mafundi, hakunipa ufunguo wa kukaza boliti. Alinipeleka nyuma ya jeep moja iliyobeba mifuko ya simenti, akanionyesha nafasi kati ya gurudumu na bodi. "Pima na vidole," aliniambia. "Vidole vine, gari inaenda. Kidole kimoja, inakalia matako, itavunjika njiani."

Nyinyi vijana mukiona jeep imeshuka nyuma, munakimbilia kununua amortisa. Munanichekesha. Amortisa inatuliza mutikisiko tu. Uzito unabebwa na lame, zile chuma ndefu zilizopangwa moja juu ya ingine. Zikichoka, unaongeza lame ya kamio, lori ya zamani, unaikaza na bride, ile chuma ya kuzifunga pamoja, halafu unasogeza mizigo mbele, karibu na kabini.

Kisha wakanituma Kamituga, kwa garaji ingine, kule wanachimba dhahabu. Kule ndiko nilionana na haya mambo ninayotaka kuwaambia.

Maman Nsimire alileta jeep yenye sanduku la maiti ya bwana yake. Shimo la dhahabu lilimuangukia. Alitaka kumuzika kwao Nyangezi, karibu na kaburi la mama ya bwana. Ndugu mukubwa wa marehemu, aliyekuwa naye mu lile shimo na akatoka muzima, alikaa nyuma, pembeni ya sanduku. Nikapima: kidole kimoja. Kwa maiti moja na mutu mwembamba vile! Nikaongeza lame. Kidole kimoja. Nikaongeza ya pili, hata kidole hakikuingia tena. Niliogopa, sitawaficha.

Kwetu, maiti akikataa kusafiri, watu wa nyumbani wanamusemesha. Maman akaweka mukono juu ya sanduku. "Bwana yangu, twende kwetu. Ni nani anakuzuia?"

Patron wa garaji, mutu wa sala, akamuambia yule ndugu pole pole: "Ndugu, shuka kwanza. Tupime na sanduku peke yake."

Akashuka. Jeep ikapanda, lame zikilia, mupaka vidole vine. Sanduku lilikuwa lingali ndani.

Maman akamugeukia ndugu ya bwana yake. "Shemeji, ubaki."

Sasa nimeacha kazi, magoti inakataa kulala chini ya gari. Watu wananiambia labda lame zilichelewa kukaa mahali pake. Inawezekana, chuma iko na mambo yake. Lakini ile siku nilisimama pale na ufunguo mukononi, nikingoja yule mutu aulize kwa nini anakatazwa kuzika mudogo wake wa tumbo moja. Hakuuliza.