Jinsi Nilivyopatana Bei na Ugonjwa wa Mizani

Mwanangu, siku moja naikumbuka vizuri mno, ingawa ningefurahi kuisahau. Ni siku niliyosimama mbele ya daktari wa mifugo pale Korogwe nikamwomba apunguze ugonjwa.

Wakati huo hakuna aliyekuwa akiniita babu. Nilikuwa dalali wa mahindi Mkata, pembeni ya barabara kuu, na nilikuwa na mbwa mweupe, masikio yake mekundu kwa ndani kama ulimi. Jina lake Mizani. Nilimpa jina hilo kwa sababu alilala juu ya mizani yangu, na kila gunia lilipopimwa ilibidi kwanza ashuke. Wakulima walikuwa wanamtazama aking'oka pale kabla hawajaniamini.

Basi kwenye ncha ya sikio lake la kushoto kikatokea kidonda. Kinakauka, kinabanduka, kinarudi. Nikasubiri wiki tatu. Nilipokuwa napeleka mzigo Korogwe nikampakia mbele kwenye lori la Fuso, tukaenda naye.

Daktari alikuwa binti mdogo, Daktari Neema. Akaniamkia, "Shikamoo baba," nami nikaumia kidogo kwa sababu nilikuwa bado najiona kijana. Akalishika sikio, akaligeuza kwenye mwanga.

"Baba, hii ni kazi ya jua. Mbwa weupe hawa, ngozi ya masikio haina kinga. Naona ni saratani ya ngozi. Tuikate ncha leo, upana wa vidole viwili, na kipande tukipeleke maabara Morogoro kipimwe."

"Vidole viwili vya nani?" nikamuuliza. "Vyako au vyangu?"

"Vyangu, baba."

"Fanya kimoja."

"Haipungui. Lazima nikate mpaka kwenye nyama nzima."

"Basi kimoja na nusu, tumalize."

Akacheka, nikadhani namshinda. Usidhani nilikuwa nakimbia gharama, mwanangu. Mahindi yalikuwa yameuzika vizuri mwaka ule. Ni kwamba neno lile alilolitaja lilikuwa kubwa, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuchukua kitu kwa neno la kwanza la muuzaji. Nikamwambia kile ambacho kila mnunuzi duniani humwambia mwenye duka: "Ngoja nizunguke kidogo, nitarudi."

Nikazunguka.

Mkata palikuwa na kijana wa duka la pembejeo, anayeuza mbegu, mabomba ya kunyunyizia na dawa za kupe. Hata hakutoka nyuma ya kaunta. "Ukurutu huo, mzee," akasema, akanipa mafuta ya kupaka. Nilitoka pale mwepesi. Kutoka saratani mpaka ukurutu, kwa mazungumzo ya dakika mbili! Lakini ukishaona bei inashuka, unajiuliza kama haiwezi kushuka zaidi. Siku niliyokwenda kununua mahindi Mazingara nikamwonyesha Mizani kwa bwana mmoja anayehasi ndama, mkono wake mwepesi sana kwa kazi hiyo. Akainama, akaguna, akasema, "Huyu kaumwa na siafu."

Siafu! Nikamshika mkono kwa furaha. Niliishusha saratani mpaka ikawa siafu, na mapatano yalikuwa yamekamilika pande zote, isipokuwa sikio lenyewe hakuna aliyeliambia.

Miezi miwili ikapita. Kidonda kikala ncha, kikateremka. Mizani akawa anatikisa kichwa, na kila akitikisa, damu inaruka. Mteja mmoja mwenye shati jeupe aliondoka kwangu na madoa saba. Nilimhesabia mara mbili alipokuwa anageuka. Mbwa akaacha kulala juu ya mizani. Akawa analala chini yake, gizani, na chakula anakinusa tu.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Kwashemshi, na mkungu wa ndizi na maharage, kuwaona wajukuu. Sasa elewa, mwanangu: kwa watu wa kwetu wa umri ule, mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo. Yeye alikaa mlangoni mwa jiko, mimi nikakaa upande wa pili wa ukuta, tukiheshimiana kupitia matofali. Akiwa na la kuniambia, humwambia mtu mwingine aliye karibu. Siku ile aliyekuwa karibu ni mbwa.

"Mizani, njoo," nikamsikia. "Hebu nikuone. Mh! Hili sikio linanuka. Mwenye nyumba analijua?"

Nikakohoa, kumaanisha analijua.

"Analijua. Amekuonyesha kwa watu wangapi?"

"Watatu, Mizani," nikajibu kupitia ukuta.

"Na aliyesomea ni yupi kati yao?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha, nikasikia mikono yake imesimama.

"Wa kwanza," nikasema.

"Basi, Mizani, mwambie mwenye nyumba kwamba wale wawili wa mwisho walikuwa wanampa pole. Hawakumpa jibu." Sauti yake ikashuka. "Mume wangu naye alikuwa na kidonda mguuni. Akazunguka hivi hivi, kila aliyemwambia ni kidogo akamwita rafiki. Akazunguka mpaka nikabaki peke yangu."

Mwanangu, nilivunja adabu. Nilitoka nyuma ya ukuta nikasimama mbele yake. Akajifunika uso kwa kanga haraka.

"Mama, shikamoo. Mimi naogopa."

"Marahaba," akasema ndani ya kanga. "Mizani, mwambie aogope akiwa njiani kwenda Korogwe."

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa Daktari Neema. Hakunicheka. Alilipima sikio kwa vidole vyake, viwili vikapita, vinne vikapita, akafika shinani. "Sikio lote, baba. Na tezi ya shingoni imevimba kidogo. Kama ugonjwa umeshafika huko, nitakuwa nimekata bure."

Nilifungua mdomo. Naapa ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema *nusu*. Nikaufunga. "Kata, mama," nikamwambia, na nadhani ni mara ya kwanza nilikubali kitu bila kupunguziwa.

Mizani alipochomwa sindano ya usingizi nilimshika mguu mpaka ukalegea, kisha nikatolewa nje kwa sababu nilikuwa nauliza maswali. Daktari alipomaliza nilihesabu nyuzi: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. Kipande cha sikio na cha tezi vikaenda Morogoro, nasi tukarudi Mkata kusubiri.

Kola ya kumzuia asijikune haikupatikana, tukakata ndoo ya plastiki kitako, tukamvisha shingoni, ikamzunguka kichwa kama kipaza sauti. Mabasi yakisimama, abiria wanachungulia na simu zao. Mama muuza mihogo akaniita kwa sauti, "Mzee, huyo mbwa ni wa matangazo? Mwambie atangaze na mihogo yangu!" Nilicheka na wenzangu mchana. Lakini simu yangu ikiita kutoka Korogwe, nilikuwa naiacha iite mara tatu kabla sijapokea.

Siku ya kumi na tatu Daktari Neema akapiga. "Baba, kingo za sikio ni safi. Tezi ilivimba kwa usaha tu, saratani haikufika. Amepona. Ila ungekubali ile siku ya kwanza, angebaki na sikio."

Mizani aliishi miaka mingine mingi, kila adhuhuri nikimwingiza kivulini, na upande wa kushoto akawa hasikii vizuri. Kila nilipomwita akageukia upande nisiokuwepo, nilijua nani alimfanya hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, mahindi patana. Kitanda patana. Hata mahari, kama wazee wamekuruhusu, patana. Ugonjwa usipatane nao bei, wa mbwa wako wala wa mwili wako. Ukitaka jibu la pili, litafute, ni haki yako, lakini kwa mtu aliyesomea, na uende upesi. Ukijikuta unamtafuta wa tatu na wa nne, simama barabarani ujiulize unatafuta nini. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniondolea hofu, na wa namna hiyo wako wengi, ila hakuna hata mmoja awezaye kuukata ugonjwa.

Mungu akupe masikio ya kusikia neno zito likiwa bado dogo, akupe na mkwe asiyeogopa kukusema, na kila unachokipenda akiache mikononi mwako kikiwa kizima. Amina.