Friji Mbili za Zahanati

Nilipopewa kazi katika zahanati ile, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Ganze, nilikuwa muuguzi mpya, mtoto wa mjini Malindi niliyezoea bomba la maji na swichi ukutani. Kule hapakuwa na bomba wala stima. Palikuwa na jengo la vyumba vitatu, tangi la maji ya mvua, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa mhudumu. Alifagia, aliteka maji, alichemsha sindano kwa kuni kwenye kibanda cha nyuma, na alilisha friji.

Nasema alilisha kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe siku ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini hiyo friji usiiguse kabla sijakuonyesha inavyolishwa."

Nilidhani ananitania. Kumbe friji ya chanjo ilikuwa ikiendeshwa kwa mafuta ya taa. Chini yake palikuwa na tangi dogo na utambi, na nyuma ilipanda dohani nyembamba ya moshi. Mwali ukiwa wa samawati, ndani kulikuwa baridi. Ukigeuka manjano, masizi yalijaa kwenye dohani na joto likaanza kuingia. Nilipiga magoti sakafuni nikaukata utambi upande, mara ya kwanza na ya pili. Mama akanipokonya mkasi, akaukata utambi sawasawa, akauwasha. Mwali ukasimama kama umechorwa.

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri. Kisha yakaletwa mafuta yaliyochanganyika na maji. Moto ulizimika Jumamosi mchana na hatukujua mpaka Jumatatu, siku ya kliniki, kina mama wakiwa wameshapanga foleni. Kipimajoto kilikuwa kimepanda mno. Ikabidi nimwage chanjo zote, kisha nitoke nje niwaambie.

Mmoja wao alikuwa amempoteza mtoto kwa surua mwaka uliotangulia. Hakunilaumu. Alimfunga mwanawe mgongoni upya, akauliza, "Basi nije lini?"

 Chanjo nyingine zilichukua wiki tatu kufika, na siku hiyo alikuwa wa kwanza mlangoni. Lakini mama mhudumu hakujisamehe. Nilimwambia mara ngapi kwamba kosa halikuwa lake, kwamba hakuna jicho linaloweza kuona maji ndani ya dumu la mafuta. Alitikisa kichwa tu, na tangu siku hiyo kila dumu jipya aliliacha litulie usiku kucha, akachuja mafuta yake kwa kitambaa.

Miezi kadhaa baadaye likaja gari la wizara na fundi kutoka bara, kijana mwenye tabasamu na haraka. Alipanda juu ya paa akafunga vibao vya jua, akateremsha waya, akapanga betri ndani ya sanduku la mbao, akaweka friji mpya nyeupe. Haikuwa na moto wala harufu. Nilitia mkono ndani, nikahisi baridi, na nakiri nilitokwa na machozi. Nilikuwa nikimfikiria yule mama wa foleni.

"Hii ya zamani tunaibeba leo," fundi akasema. Kisha akamgeukia mhudumu kwa wema kabisa. "Mama, sasa pumzika. Hii haitaki kulishwa."

Mama alicheka kwa adabu, akatoka. Nilimfuata, nikamkuta amekaa kwenye kibanda cha kuni, sufuria ya sindano inatokota mbele yake naye haitazami.

"Unaona, mwanangu," akasema. "Kazi yangu ndiyo ile pale inapakiwa garini. Nitabaki kufagia."

Nilirudi mbio. "Fundi, iache hiyo friji."

"Ya nini? Sina ruhusa ya kuiacha."

"Friji yako inagandisha barafu kidogo. Mimi huenda vijijini na kasha la chanjo, na bila barafu ya kutosha kasha halifiki popote. Andika kwamba nimekataa."

Alinitazama, akacheka, akaandika. Wakati huo mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa majivu.

"Na hii mpya," akauliza, "kweli haili kitu?"

Fundi aliweka kalamu mfukoni. Kisha akamwita karibu. Akamwonyesha jinsi ya kufuta vumbi kwenye vibao, akamwonyesha maji ya betri yanavyopimwa, na mshale mdogo ukutani unaoonyesha nguvu iliyobaki kwenye betri: kijani, manjano, nyekundu. Mama alirudia kila neno. Fundi aliyetaka kuondoka kabla ya adhuhuri alikula nasi sima na mchicha, na jua lilikuwa limeshapinduka alipowasha gari.

Tukapata utaratibu wetu. Chanjo zililala kwenye friji ya jua. Ile ya mafuta tuliiwasha siku mbili tu kabla ya safari za vijijini, kwa ajili ya barafu, na dumu lililokuwa likiisha upesi likawa linakaa. Sindano ziliendelea kuchemshwa kwa kuni, kwa maana hakuna kibao cha jua kilichoweza kuchemsha sufuria ile.

Halafu ikaingia masika. Asubuhi moja nilimkuta mama anamimina mafuta, na safari ilikuwa bado wiki nzima.

"Mbona unawasha, mama?"

"Mshale uko kwenye manjano tangu jana, na mawingu haya hayana nia ya kuondoka. Friji hii hutaka siku nzima kupoa. Nikingoja nyekundu nitakuwa nimechelewa."

Kesho yake mshale ukaingia kwenye nyekundu. Tulihamisha chanjo, chupa moja moja, kutoka nyeupe kwenda kwenye ile kuukuu, nami nikasoma kipimajoto kwa sauti ili naye asikie. Kilikuwa pale pale kinapotakiwa. Kina mama walikuja na matope hadi magotini, na hatukumrudisha hata mmoja. Jua liliporudi tukazihamisha tena, na moto tukauzima.

Fundi alirudi mvua zilipokwisha, nadhani akitarajia uharibifu. Alifungua sanduku la betri, akakagua, akakuta kila betri ina maji yake. Halafu akamwomba mama amfuate kwenye zahanati nyingine zilizopata friji kama yetu, akawaonyeshe wahudumu wenzake.

Mama alikwenda amekaa kiti cha mbele cha gari, amejifunga leso mpya. Aliporudi siku ya tatu nilimwandalia chai nikamwuliza mambo yalikuwaje.

"Lo, mwanangu! Pahali pamoja ile ya mafuta wameitupa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani yake."

"Ukafanya nini?"

"Niliwafukuza kuku," akasema, akajimiminia kikombe cha pili. "Kisha tukaisugua dohani mpaka ikang'aa. Mayai walinipa mimi. Yamo kapuni, chukua."