Mgonjwa Hewa Aliyemnasa Mwizi wa Faili

Saa moja na robo asubuhi, Sheilah Atyang anafungua kufuli mbili za chumba cha faili, anaingia, kisha anajifungia kwa ndani. Mgonjwa anayetaka kadi yake ataipokea dirishani. Anayetaka ya jirani yake atarudi alikotoka, hata akiwa chifu.

"Chifu pia huwa mgonjwa, na hakuna mtu amewahi kusikia anaumwa na nini," anasema akipangusa meza. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Atyang, mama wa watoto watatu, ni karani wa kumbukumbu katika zahanati ya kibinafsi mjini Malaba, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Kwa miaka kumi na moja ametunza faili zaidi ya elfu sita kwa mshahara ambao sasa ni shilingi 19,000. Mwezi Machi, nusura kazi hiyo imponyoke.

Wagonjwa walikuwa wameanza kulalamika. Mtu akipimwa sukari asubuhi, mchana anapigiwa simu na muuza dawa za mitishamba anayejua jina lake, umri wake na ugonjwa wake. Mama mmoja wa Chakol aliulizwa hali ya uvimbe wake akiwa mkutanoni kanisani, simu ikiwa kwenye spika.

Mwenye zahanati, Daktari Ogweno, akauliza funguo hukaa na nani. Wafanyakazi wote wakamtazama Atyang.

"Akanipa mpaka Ijumaa. Akasema, 'Mama, lete mwizi ama ulete funguo.' Nililia, siwezi danganya. Halafu nikakasirika."

Alimshuku Echodu, mwenzake anayeingiza kadi kwenye kompyuta. Jumatatu hiyo akajaza kadi ya mgonjwa hewa: mzee Oriokot, miaka hamsini, bawasiri sugu. Akampa Echodu peke yake, na ilipokwisha kuingizwa akaichana vipande vipande.

Namba ya simu aliyoandika ilikuwa ya laini ya Uganda ya mumewe, Omuse, ambayo hakuna aliyeijua pale kazini. Omuse mwenyewe hakuambiwa lolote.

"Huyo hakai na siri. Ukimwambia saa nne, saa sita imefika mpaka Funyula huko mbali."

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: simu ikipigwa, mumewe atakuja nyumbani akilalamika. Jumanne hakulalamika. Jumatano kimya. Alhamisi, alipokuwa akisafisha buti la kazi la Omuse, ambaye ni mlinzi wa yadi ya malori, Atyang akatoa humo chupa ya dawa ya mitishamba. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: "Mzee Oriokot, vijiko viwili asubuhi na jioni." Mwandiko ulikuwa wa Echodu, na dawa ilikuwa imebaki nusu.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema.

Kwa nini Omuse aliitikia jina la mtu mwingine? "Hapa border, mtu akikuita jina si lako na ako na kitu ya kukupa, kwanza unaitika," anaeleza Omuse mwenyewe. Amekubali tumtaje kwa sharti moja, kwamba tuandike dawa ilikuwa ya rafiki yake. Tumeandika.

Ijumaa, Atyang aliiweka chupa mbele ya daktari na wafanyakazi wote. Echodu alisoma mwandiko wake mwenyewe, akaomba maji ya kunywa. Alifutwa kazi siku hiyo na sasa anasubiri kesi. Daktari Ogweno alimwomba Atyang radhi hadharani, na Januari atamlipia kozi ya utunzaji wa kumbukumbu.

Mwezi uliopita Omuse alifika dirishani kama mgonjwa wa kweli. Atyang alimwita mwenzake, Aguti, amhudumie, yeye mwenyewe akatoka nje hadi shughuli ilipokwisha.

"Funguo niko nazo na faili naiona hapo kwa rafu, lakini sijaifungua," anasema. "Ni bwana yangu, lakini ugonjwa ni wake. Naomba Mungu siku moja aniambie mwenyewe. Na mimi nitashtuka, kama mtu anasikia mara ya kwanza."